Mawaridi ya Koo la Mbweha

Tinmelt, juu ya Azrou
18 Februari 2001

Kaka yangu Bassou,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za theluji ambayo mwaka huu haikuja kabisa. Baba hajambo, isipokuwa goti, na macho yake yameanza kuwa na ukungu ingawa hataki tuseme. Shangazi Yamna ametia jino la dhahabu na anacheka hovyo ili tulione. Anasema nikuandikie hivi: "Mwambie alikwenda Hispania msimu mmoja. Huo msimu wa Wahispania haujaisha mpaka leo?" Nimeandika kama alivyosema, maana amesimama nyuma yangu. Hajui kusoma, ila ananishuku.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kampuni ya wageni imeandika. Wanaleta kundi mwezi wa Mei, wiki moja ya maua na wanyama kama kawaida, na wanataka Baba awaongoze. Bi Odile yumo tena, yule Mfaransa anayechora maua. Baba alifurahi mpaka akapaka mafuta viatu vyake siku ileile. Lakini mwisho wa barua kulikuwa na maneno ambayo sikumsomea. Wageni wa mwaka jana walilalamika. Walilipia msitu wa maua wakaonyeshwa vumbi na nyani wenye njaa. Na hawa wa mwaka huu wakirudi wananung'unika, kampuni itahamishia safari zake kwenye milima ya nchi nyingine.

Bassou, hali ni mbaya. Chemchemi ya karibu na shule imebaki tope. Mierezi ya upande wa kusini inakauka kuanzia kileleni, imekuwa na rangi ya chuma chenye kutu. Nyani wanaichuna maganda kutafuta unyevu, na mti ukishachunwa ndiyo basi. Kondoo wa matajiri wa bondeni wanaletwa kwa malori na kushushwa palepale tulipokuwa tunawaonyesha wageni maua. Baba anapanda kila asubuhi. Akirudi namuuliza, "Umeona nini?" Anasema, "Bado mapema." Kisha anaomba chai.

Njoo Mei, wiki mbili tu. Wewe unajua njia za wageni. Mimi ninazozijua ni za kuokota kuni.

Dada yako,
Tuda


El Ejido
29 Machi 2001

Tuda, mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta baada ya Idi, imekunjamana kama uso wa Shangazi. Mwambie jino la dhahabu namwachia, lakini akilala alifunge kwa kamba. Mwambie Baba mwanawe anakula vizuri. Idi, watu kumi tulichinja mwanambuzi mmoja, tukapika kuskusi ya shayiri ndani ya sufuria ya kuchanganyia rangi. Usicheke, ilikuwa tamu.

Mimi niko salama. Wameniondoa kwenye kupiga dawa za wadudu, sasa niko kwenye miche: naitoa kwenye vitalu naipeleka nyumba nyingine za plastiki. Kazi nyepesi. Kifua kilinibana kidogo wakati wa baridi, kimepita.

Kuja siwezi. Karatasi zangu bado. Nikivuka kurudi huko, sivuki tena kuja huku, na wewe unajua pale nyumbani tunakula kwa kipi. Tusilizungumze tena hilo.

Lakini nitakupa kitu. Umri wangu ulipokuwa wa kuanza kunyoa, Baba alinichukua mpaka Koo la Mbweha. Unalijua lile korongo jembamba juu ya zizi lililobomoka, ambalo tuliambiwa tusilisogelee kwa sababu ya nyoka? Hakuna nyoka. Unapanda kwa mikono, unajipenyeza kwenye ufa wa jabali, na ndani maji yanachuruzika mwaka mzima. Pale pamejaa mawaridi ya punda, makubwa kama sahani, mekundu ya kukuumiza macho. Baba aliniambia, "Wageni tunawaonyesha kila kitu. Hapa hapana. Hapa ni petu." Akaniapisha.

Sasa nimekwambia. Nenda ukaangalie, kisha umshawishi awapeleke wageni. Kiapo ni changu, si chako.

Bassou


Tinmelt
20 Aprili 2001

Kaka,

Salamu kwanza. Binti wa jirani ameolewa Khenifra, tumecheza mpaka visigino vimepasuka. Nyumbu wetu amepona kidonda cha tandiko.

Nilikwenda. Nilimwambia Baba nakwenda kuni. Nilipojipenyeza kwenye ule ufa nilichanika kanzu, na nilipoinua kichwa nilibaki nimepiga magoti. Bassou, huku nje kila kitu ni kijivu, na mle ndani ni kijani! Maji ni uzi mwembamba tu, lakini yapo. Mawaridi yamejaa, vitumba vimefumba kama ngumi za watoto wachanga. Nilikaa mpaka baridi ikaniingia. Nilikuonea wivu pia, sitakuficha. Miaka yote nakwenda kuni chini ya pale.

Jioni nilimchokoza Baba nikimkanda goti. "Baba, hakuna mahali penye maji kule juu, ambapo pengine maua yamebaki?"

"Hakuna."

"Hata korongoni?"

"Korongoni kuna nyoka." Akavuta mguu wake. "Palipokuwa na maji nimewaonyesha watu wote."

Alinitazama usoni akasema uongo, Bassou, bila kupepesa. Nami sikuweza kumwambia najua. Na hata angekubali, yule Bi Odile anatembea na mkongojo, na wenzake si vijana. Nani atawasukuma kwenye ule ufa?

Njia ya wageni ni tupu. Nimeipita yote. Wanafika tarehe kumi na mbili.

Tuda


El Ejido
30 Aprili 2001

Tuda,

Salamu utajaza mwenyewe, nina haraka, barua hii nampa dereva wa basi aishushe Azrou.

Wageni hawawezi kuyafuata maua. Basi maua yawafuate wageni. Kazi yangu ni hiyo mchana kutwa, kung'oa mmea hapa na kuupanda pale, na haifi. Sikiliza. Chimba mbali na shina, uingize beleshi chini kabisa, uunyanyue na udongo wake wote. Funga kwa gunia bichi. Shusha wakati jua limelala. Panda kando ya njia, kwenye ile kona yenye kivuli baada ya jiwe la kunyweshea mifugo, halafu mwaga maji mengi, na juu tandaza majani makavu ya mierezi ili udongo mpya usionekane. Vitumba vitafunguka, nakuhakikishia.

Usichukue yote. Acha nusu, wakati wa masika yatajaza tena.

Baba asijue. Ataona maua, atafurahi, wageni watafurahi, na kampuni itabaki. Nani ataumia?

Bassou


Tinmelt
27 Mei 2001

Kaka yangu,

Wote wazima, na hii ni barua ya furaha, kwa hiyo isome polepole.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda na nyumbu jioni mbili mfululizo, mabega yangu hayafai kitu mpaka leo. Siku ya wageni Baba alitangulia kama kawaida yake, fimbo mkononi, akiwaambia hapa nguruwe mwitu wamechimba, pale kigogota ametoboa. Aliwaonyesha nyani. Mmoja wa wageni, Bwana mwenye kamera ndefu, aliguna, "Nyani tuliwaona jana karibu na jaa la takataka." Nilimwona Baba shingo yake inazama kwenye mabega.

Tukapita jiwe la kunyweshea. Tukakata kona. Yalikuwa yamefunguka yote, Bassou, wekundu mtupu chini ya mierezi, na jua limepenya katikati.

Wale wageni walipiga kelele kama watoto. Lakini Baba alisimama. Fimbo ilimponyoka. Aliteremka taratibu na goti lake lile, akashika ua moja kwa viganja viwili kama mtu anayekunywa maji, na akasema kwa lugha yetu, si kwa Kifaransa, "Mmerudi." Akarudia, "Mmerudi, jamani, mmerudi." Alilia mbele ya watu. Mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku tulipomzika Mama.

Bi Odile alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akachora mpaka chakula cha mchana kikapoa. Alipomaliza aliniita. Alikuwa ameshika jani lililoanza kulegea. Alilitazama, akanitazama mikono, mimi na malengelenge yangu. "Yana kiu," alisema. Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Akafunga daftari lake la michoro.

Nyumbani Baba hanyamazi. Anamwambia kila mtu msitu umeanza kupona. Shangazi Yamna anamtania, "Mzee, umechumbiwa?" Naye anacheka.

Basi ndiyo hivyo. Fedha ya wageni tumepata, na mabaki yake nimekununulia fulana ya sufi.

Tuda


Níjar
22 Julai 2001

Tuda,

Tazama anwani mpya. Nimehama, huku kuna nafasi zaidi. Fulana imefika, inanikaba kwapani, lakini wakati wa baridi nitakushukuru.

Niliisoma ile sehemu ya Baba mara nyingi, nikawasomea na wenzangu. Mmoja kutoka Nador aligeukia ukutani.

Nakuuliza jambo moja, hukuliandika. Uliacha nusu? Na yale ya njiani yanaendeleaje?

Nijibu upesi.

Bassou


Níjar
9 Septemba 2001

Tuda, hujanijibu. Baba mgonjwa? Nilipiga simu dukani kwa Haddou, wakaniambia wewe hupo. Upo wapi ambako hupo? Andika hata mstari mmoja.

Bassou


Tinmelt
3 Oktoba 2001

Kaka,

Nisamehe. Baba mzima kwa mwili. Shangazi anakusalimu, jino limeanguka.

Sikuacha nusu. Nilipofika na beleshi niliona nusu ni machache mno kwa kona nzima, yangeonekana kama yamepotea njia. Nikachukua mengine. Jioni ya pili nikasema acha nichukue na haya, kumebaki nini cha kuogopa. Nilibakisha madogo yasiyo na vitumba. Ya njiani yalinyauka kabla wageni hawajafika kwao. Nilimwagia maji kwa madumu kila siku. Yakaoza mizizi. Baba alisema ni kawaida, yanalala chini mpaka mwakani.

Hilo lingeishia hapo. Lakini mwezi wa tisa aliamka akasema, "Leo nakwenda kuchukua mbegu."

"Mbegu za nini, Baba?"

"Mawaridi. Kama yale ya njiani yamerudi yenyewe, udongo umekubali. Nitapanda njia nzima. Najua pa kupata mbegu."

Nilimwambia goti. Nilimwambia kesho. Nilimwambia nyoka, Bassou, nilimwambia kuna nyoka! Akacheka, akanishika shavu. "Siku nyingi nataka nikuonyeshe mahali," alisema. "Ulikuwa mdogo, kisha nikasahau kama umekua. Twende wote."

Sikuweza kwenda. Nilisema tumbo linaniuma. Akaenda peke yake na kifuko cha mbegu shingoni.

Alirudi jua limekwisha. Hakuwa na hasira. Aliketi, akaomba chai, nikamtilia, hakuinywa. Akasema, "Kuna mashimo." Nikashika birika. "Mashimo, na alama za kwato za nyumbu wetu. Ule ukwato wake wa kushoto wenye ufa. Na yale madogo kondoo wameyamaliza. Kuna mtu alivunja mawe ya mlangoni apitishe mizigo, na kondoo wakapita nyuma yake."

Kweli nilivunja. Magunia hayakupita kwenye ufa.

"Maji?" nilimuuliza, sijui kwa nini.

"Yamekanyagwa. Ni mavi ya kondoo matupu."

Tangu siku ile anaongea nami habari za mkate na za kuni, basi.

Sasa sikia hili. Kampuni imeandika tena. Picha aliyoipiga yule Bwana mwenye kamera wameiweka juu ya tangazo lao, na watu wamejiandikisha hata wanawakataa. Mei ijayo wanataka kuleta makundi mawili, moja baada ya jingine. Wote wanataka kuona mawaridi.

Tuda


Lorca
16 Desemba 2001

Tuda,

Kesho ni Idi, nami nimekaa nje ya banda naandika juu ya goti.

Mwambie Baba ni mimi. Mwambie nilivunja kiapo, kisha nikakufundisha na namna ya kuchimba. Mwambie hukuwa na akili hiyo, maana kweli hukuwa nayo, wewe ulitaka tu mtu aje akusaidie nami sikuja. Niite jina lolote mbele yake.

Na kwa kuwa tumefika hapa. Sikuwahi kufanya kazi ya miche kwa zaidi ya wiki chache. Dawa za kupiga zimeingia mapafuni. Daktari wa shirika la hisani alinionyesha picha ya kifua changu kwenye taa, akasema maneno mengi, nikaelewa moja tu: hapana. Ndiyo maana nahama. Mwajiri akinisikia nakohoa ananipa ujira wa siku na kunionyesha barabara. Kwa sasa nalinda banda la matrekta, sipandi hata ngazi. Ile fedha niliyowatumia ya kiangazi niliikopa.

Hili la kifua usimwambie.

Bassou


Tinmelt
26 Februari 2002

Kaka yangu Bassou,

Tumemaliza Idi ya kuchinja. Theluji ilianguka siku moja ikayeyuka. Nilisoma barua yako zizini ili nipige kelele nipendavyo. Mungu akuangalie. Ukiweza kurudi, rudi. Kama huwezi hata kupanda meli, niambie kweli.

Nilikwenda kwa Baba nikiwa nimeazimia. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amenifanya nimwandikie mtu wa kampuni: "Hakuna mawaridi. Wageni wasije kwa ajili yake." Wale nao hawakuchelewa, wamejibu kwamba makundi yote mawili wanayapeleka nchi nyingine, na wanamtakia afya njema. Aliniagiza nisome mara mbili. Kisha akasema, "Vizuri." Viatu vya kuongozea wageni akampa Haddou wa duka.

Nikasema, "Baba, kuhusu kule korongoni."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa kunitazama usoni. "Ulipajuaje?"

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kwa ajili ya jina lako. Naapa, Bassou. Lakini aliniwahi. "Ulinifuata siku moja, sivyo? Ukiwa mdogo. Nilidhani nasikia mtu nyuma."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na kuchimba ulifikiria mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Bassou asijue. Umesikia? Kule tulikwenda mimi na yeye. Yule mtoto yuko ugenini, hana hata mti wa kuegemea. Acha awepo mtu mmoja anayedhani bado pako vilevile."

Sasa ningefanya nini? Ningemwambia ni wewe? Baba amebakiwa na hilo tu, kwamba wewe ulitunza kiapo, nami silichukui.

Kwa hiyo nakuomba. Mwandikie yeye mwenyewe, mimi nitamsomea. Muulize habari za kule. Chochote atakachokujibu, kipokee.

Tuda


Lorca
11 Aprili 2002

Baba yangu mpendwa,

Nakushika miguu na kukubusu paji la uso. Mimi niko vizuri. Kazi ni ileile ya miche, kivulini, na mwajiri ananipenda. Karatasi zangu ziko njiani.

Huku sasa kuna joto, na wakati kama huu nakumbuka siku uliyonipandisha Koo la Mbweha. Nilichubuka magoti nikakuficha, nawe ulijua. Sijawahi kumwambia mtu.

Nilitaka kujua tu: yametoka mwaka huu?

Mwanao,
Bassou


Tinmelt
19 Mei 2002

Kaka, maneno haya ni ya Baba. Mimi ni mkono tu.

"Mwanangu Bassou, barua yako nimesomewa, nikamwambia dada yako airudie. Nimefurahi kwamba uko kivulini. Kifua chako kilikuwa dhaifu tangu utotoni, nilikuwa na wasiwasi juu ya vumbi la huko.

"Umeuliza habari za kule kwetu. Nilipanda juzi, goti halikunisumbua. Yametoka mengi kuliko mwaka ule wa kwetu, mpaka nilikosa pa kuweka mguu. Maji yanashuka vizuri, niliosha uso. Nilikaa asubuhi nzima peke yangu, na mtu mwingine hajakanyaga pale. Ni mimi na wewe tu.

"Usijisumbue kufunga safari mwaka huu, wala mwaka ujao. Maliza kwanza kazi zako. Hayaendi popote."